Chirau na Sanduku Lililosikiza Wanawake

Watu wa Mombasa hawana mlima wa kujivunia, lakini mapafu wanayo, na mapafu makubwa kuliko yote kisiwani alikuwa nayo Chirau wa Bondeni. Anayebisha na aulize. Chirau akipiga chafya Bondeni, mtu wa Kuze, mtaa wa pili, humwambia, "Afya!" Hii si chuku. Ni chuku kidogo tu.

Kazi yake ilikuwa mbiu. Ofisi ya chifu ikiwa na neno, kwamba maji yatafungwa, au watoto wakachanjwe, au baraza ni siku fulani, Chirau alitia begani pembe ya nyati aliyoachiwa na babake, akaingia vichochoroni. Alipuliza pembe, akasafisha koo mara mbili tatu, kisha akaanza kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe, maana shule aliiacha kabla haijamharibu:

"Walio juu na walio chini, sikizani! Walio jikoni wapunguze moto, walio kitandani waketi! Serikali ina neno!"

Hapo ndipo alipotoa hilo neno lenyewe. Akimaliza alipigilia msumari: "Nimesema! Aliyeziba sikio, shauri lake!"

Nusu hiyo ya kazi kila mtu aliijua. Nusu ya pili ndiyo iliyokuwa tamu. Katika zile nyumba za ghorofa, wanawake wengi hawakwenda barazani. Baraza lilikuwa la wanaume, baada ya alasiri, pale penye wauza kahawa. Basi wanawake walijibu kutoka dirishani. Chirau alisimama chini, shingo nyuma kama kuku anywaye maji, akapokea: mwambie chifu panya wamezidi, mwambie taa ya kichochoroni imekufa, mwambie yule mwenye mkokoteni aache kuegesha mlangoni pangu. Kisha huyo, mpaka ofisini, akasimama mbele ya chifu, kifua mbele. "Wanawake wanasema hivi."

Kwa hiyo akienda alikuwa mdomo wa serikali, na akirudi alikuwa mdomo wa wanawake. Midomo miwili kwa mtu mmoja. Nani hangevimba kichwa? Mwenyewe aliyaita "madirisha yangu". Mkewe, Mbodze, aliwaambia majirani, "Mume wangu kaoa mtaa mzima, na hajaona hata kisigino cha mmoja."

Dirisha alilolipenda kupita yote lilikuwa la Bi Tahseen. Wazee wa Bi Tahseen walitoka Bara Hindi zamani, lakini Kimvita chake kiliwashinda wenye Mvita yao. Alikuwa mjane, haonekani, na Chirau hakumjua ila kwa sauti na mlio wa bangili zake juu ya kizingiti cha dirisha. Bangili zikilia, Chirau hujirekebisha kofia. Wakati ule angeapa kwamba ni heshima tu.

Lakini lipo jambo moja ambalo Chirau hakulifikisha. Wanawake, Bi Tahseen akiwa mbele, walikuwa wakimtuma tangu zamani: baraza lihamishiwe asubuhi, ndani ya ua wa madrasa, ili nao waje wakae upande wao wasikilizane na chifu. Panya aliwapeleka. Taa aliipeleka. Hili la baraza alifika nalo mpaka pembeni mwa msikiti, akalitua chini kama mzigo wa mtu mwingine, akaendelea na safari. Chifu akiuliza, "Na wanawake wanasemaje juu ya baraza?" Chirau hujibu, "Wameridhika, Bwana Chifu. Wanakushukuru."

Si kwamba alikuwa mbaya. Alipiga hesabu yake tu. Wakienda wao na midomo yao, yeye atabaki na mdomo mmoja, kama watu wengine.

Mambo yakaenda hivyo mpaka mwaka wa tisini na sita, ofisi ilipoletewa mashine.

Ilikuja kwa majaribio, pamoja na msichana wa kuitumia, Purity, mzaliwa wa Kaloleni, mpole, mla achari za embe tangu asubuhi. Kulikuwa na kompyuta, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na hiyo Chirau hakuijali, maana haikuwa na sauti. Kilichomchoma ni kisanduku cheusi kando ya simu. Mtu akipiga simu wakati wowote, ofisi iwe imefungwa, chifu awe amelala, kisanduku kinaitika, kinalia piii, kisha kinanasa maneno yake katika kikanda kidogo. Asubuhi Purity anabonyeza, watu wanasema. Yeye anayaandika katika kompyuta, anayachapa, anabandika mlangoni: neno hili limesikika, na hiki ndicho kitakachofanywa.

"Na nani atakayezungumza na sanduku?" Chirau aliuliza asubuhi ya kwanza ya kusikiza kikanda, akicheka. "Watu wa Mji wa Kale? Hata kuku wao wanataka wasalimiwe kwanza."

Purity akabonyeza. Kikanda kikakwaruza. Kisha bangili zikalia.

Chirau akasimama.

"Haya, niseme au bado? Limeshalia hili piii lake. Assalamu alaykum, sanduku. Hujambo? Mimi Tahseen, wa nyumba ya kona. Najua huwezi kuitika, usijitaabishe." Akacheka. Alicheka kicheko kirefu, cha mtu aliyeketi na kufungua vifundo vya moyo, na kicheko hicho Chirau hakuwahi kukisikia, miaka yote ile ya kuvunjika shingo chini ya dirisha. "Sikiza, mwanangu. Hili la baraza kuwa asubuhi tumemtuma Chirau mpaka ndimi zetu zimeota sugu. Nadhani yuwalisahau ndiani. Wewe huna miguu, labda hutalisahau. Mwambie chifu. Kwaheri, sanduku. Kula vizuri."

Mzee Kazungu, chifu mwenyewe, aliweka kikombe chake mezani.

"Chirau."

"Naam, Bwana Chifu."

"Wameridhika?"

"Pengine siku moja nilisahau."

"Siku moja?"

Chirau aliangalia dari. Dari halikumsaidia. Purity, mtoto mwenye adabu, aliinamia achari zake.

Chifu Kazungu hakuwa mtu wa kelele. Alisema baraza la mwisho wa mwezi litakuwa asubuhi, katika ua wa madrasa, wanawake waje. Na kwa kuwa mashine ni ya majaribio, papo hapo wananchi wenyewe watasema kama ibaki au irudi ilikotoka. Wakiikataa, Chirau ataendelea kubeba majibu kama zamani. Wakiitaka, majibu yote yatapitia kwenye sanduku, na Chirau atabaki na pembe yake.

"Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Chirau, kwa sauti ndogo ambayo hata yeye hakuitambua.

Alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya kona. Hakupuliza pembe. Aligonga ukuta kwa kiganja, kama mtu anayedai haki yake.

"Bi Tahseen!"

"Nani huyo aniita kama moto umeshika?"

"Mimi, Chirau. Una neno la kupeleka?"

"Nimeshalipeleka."

"Kwa nani?"

"Si wajua? Kwa sanduku."

Chirau akavuta pumzi. "Haya, mimi siulizi mengi. Nauliza tu. Sanduku lina nini nisichokuwa nacho mimi?"

Bangili zikalia, na juu pakawa na mtu anayezuia kicheko. "Halinikatizi. Sijasema neno la pili, wewe washaruka, 'Nimeelewa, Bi, nimeelewa!' na hujaelewa. Tena halinuki kitunguu mpaka ghorofani."

"Mimi nimesimama hapa kwa jua na kwa mvua!"

"Pole, baba. Lenyewe limekaa kivulini, na maneno yamefika."

"Na kule kucheka?" Lilimtoka kabla hajalizuia. "Wewe wacheka nalo, Bi Tahseen. Mimi hujanichekea hata siku moja."

"Wee Chirau," alisema Bi Tahseen taratibu, "nenda nyumbani ukanywe maji."

Maji hayakushuka. Wala ugali. Mbodze alimwekea samaki wa kupaka, akamwona anamtazama samaki kana kwamba naye amepiga simu.

"Una wivu," Mbodze akamwambia.

"Wivu wa nini?"

"Wanaume wengine huwaonea wivu wanaume wenzao. Nimeolewa na mtu anayeonea wivu sanduku! Hata nikitaka kukushtaki kwa kina mama, nitaanzia wapi?"

"Halina adabu. Halina baba wala mama. Laingia nyumba za watu usiku."

"Linangoja lipigiwe, Chirau. Wao ndio wanaoliita." Akamvutia sahani karibu. "Kula. Kama watakutaka, watakutaka."

Lakini Chirau hakuwa mtu wa kungoja kutakwa. Mchana alipita dirisha kwa dirisha akikusanya maneno mabaya juu ya mashine. Hakupata. Mmoja alisema amesikizwa kuhusu taa, na taa imewaka. Mwingine alisema mkwewe anamchunga akizungumza dirishani, lakini kwenye simu hushusha sauti. Bibi mmoja mzee alisema sanduku ni zuri ila lingekuwa zuri zaidi kama lingekuwa linauliza hali ya miguu yake. Chirau alilishika hilo la miguu, akaligeuza huku na huku, akaona halitoshi kuangusha mashine.

Ndipo shetani, ambaye hana kazi nyingine Mombasa, akamnong'oneza: wanawake wasiposema, wasemee. Si ndiyo kazi yako?

Simu ya karibu ilikuwa dukani kwa Najmuddin, muuza misumari, kamba na viungo vya pilau, vyote katika rafu moja. Simu yake ilikuwa na kufuli dogo kwenye gurudumu la namba, na ufunguo aliuvaa shingoni kama hirizi.

"Najmu bhai, ndugu yangu, nifungulie."

"Wampigia nani?"

"Serikali."

"Serikali si iko hapo nyuma ya msikiti? Nenda kwa miguu."

"Hili ni neno la simu, si la miguu."

Najmuddin alifungua, kwa sababu alikuwa mdadisi kuliko alivyokuwa bahili. Ilikuwa saa ya kula, ofisi imefungwa. Chirau alichutama nyuma ya magunia, akafunika mdomo kwa leso aliyoiazima kwa Mbodze bila Mbodze kujua, akabana pua kwa vidole viwili. Akangoja. Sanduku likaitika. Likalia piii.

Sasa tuseme ukweli. Mtu aliyetangaza tangu ujana hawezi kusikia mlio halafu akanyamaza. Ile piii iliingia sikioni mwa Chirau kama pembe yake mwenyewe. Koo likajisafisha, mara mbili tatu. Na kwa sauti nyembamba, ya puani, yenye mikogo yote ya bibi wa ghorofani, akaanza:

"Walio juu na walio chini, sikizani! Mimi ni mwanamke. Niko hapa juu, ndani kabisa. Sisi wanawake hatulitaki sanduku. Sanduku ni la kuwekea nguo. Sisi twamtaka Chirau, mtu mzuri, mwenye sauti, aliyesimama kwa jua na kwa mvua..." Hapo uchungu ukampanda. Vidole vikaachia pua, leso ikaanguka, na mapafu yakachukua kazi yao. Mitungi ya viungo ikatetemeka rafuni. "...na asiyejua thamani yake hajui kitu! Nimesema! Aliyeziba sikio, shauri lake!"

Akaweka simu chini, akageuka, uso unang'aa.

Najmuddin alikuwa ameshika mizani yake kifuani. "Chirau, ndugu yangu. Kwa nini umetumia waya? Wamekusikia bila waya."

"Hukuisikia? Ilikuwa sauti ya kike."

"Ya kike, ndiyo. Ya ng'ombe jike."

"Wivu wako huo," alisema Chirau, na akapiga tena. Safari hii alikuwa mwanamke mgonjwa, mwenye kikohozi. Safari ya tatu alikuwa bibi harusi mgeni, mwenye haya. Wote watatu, kabla ya kulikataa sanduku, waliwataka walio juu na walio chini wasikize. Yeye hakugundua. Mja hausikii wimbo alioimba maisha yake yote. Kwake ni kama kupumua.

Asubuhi ya baraza alitangulia kufika, kanzu imepigwa pasi. Purity alikuwa anaunganisha kisanduku na kipaza sauti cha madrasa.

"Mzee Chirau, shikamoo."

"Marahaba."

Msichana akasita, akashusha sauti. "Zipo simu tatu zinazosema habari za mashine. Nimezisikiza. Kwa vile ni za majaribio tu, ukipenda naweza kuziruka."

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, umeachwa wazi kwa heshima. Chirau aliutazama, akaona ni hila. Mtoto anaogopa mashine yake isiaibike!

"Ziruke? Neno la mwananchi halirukwi," alisema kwa kishindo. "Zicheze zote. Na uongeze sauti."

Ua ukajaa. Wanaume waliketi upande huu, na upande ule buibui zilikaa mkeka kwa mkeka, mpaka wengine wakasimama ukutani. Chirau hakuwahi kuyaona madirisha yake yakiwa na miguu. Alitafuta wa nyumba ya kona, akimtarajia mwanamke mrefu, mwenye kiwiliwili cha sauti yake. Hakumwona.

Chifu alieleza kwa ufupi. Mashine ibaki au irudi? Kabla ya kuuliza mikono, wasikize kwanza waliopiga simu. Purity akamtazama Chirau kwa mara ya mwisho. Chirau akampungia mkono: endelea.

Piii.

Koo likasafishwa kwenye kipaza sauti, mara mbili tatu, na ua mzima ukageuza shingo, si kuelekea kwenye sanduku, bali kumwelekea Chirau.

"Walio juu na walio chini, sikizani! Mimi ni mwanamke..."

Lilianza upande wa mikeka, kama mvua juu ya mabati: kicheko kimoja kimoja, kisha ghafla kote. Wanaume wakashikana mabega. Mwalimu wa madrasa aligeukia ukuta. Kufika kwenye "niko hapa juu, ndani kabisa," chifu alikuwa amevua miwani anajifuta macho. Na yule mgonjwa wa kikohozi naye alipowaita walio juu na walio chini, mtu akapaaza sauti, "Dada yake huyo!" na wa tatu akapokelewa kwa vigelegele kama bibi harusi kweli.

Chirau alisimama hapo katika kanzu yake iliyopigwa pasi. Alitamani wamcheke kwa sauti yake mwenyewe basi, ikiwa ni lazima wamcheke. Lakini sauti ilikuwa imo mle ndani, inatoka katika kitu kinachotoshea kwenye kikapu, na watu wanalisikiza sanduku likisema Chirau kuliko walivyowahi kumsikiza Chirau.

Bangili zikalia. Kijimwanamke kifupi, kizee, kilichofika kifuani mwa jirani zake, kikainuka.

"Bwana Chifu," alisema Bi Tahseen, na ua ukatulia. "Mimi nawajua wale mabibi watatu. Wameishi chini ya dirisha langu muda mrefu, na mmoja wao aliniuliza juzi kwa nini simchekei." Vicheko tena. Akainua mkono. "Basi. Msimmalize. Nina neno. Sanduku libaki. Chirau naye abaki na pembe yake, kwa kuwa sanduku halitembei na wengine wetu hawana simu, hushtuliwa na yeye. Lakini kutusemea, hapana. Hili baraza la asubuhi tulilitaka tangu watoto wangu hawajaoa. Sasa wamezaa. Majibu yetu tutayabeba sisi."

Mikono iliyoinuka upande wa mikeka haikuhitaji kuhesabiwa. Ya wanaume nayo ikafuata, mingine kwa shingo upande.

"Chirau," alisema chifu, "nawe ni mwananchi. Una neno?"

Alifungua mdomo. Ulimi ulikuwa umeshaanza, "Wanawake wanasema..." akakumbuka wapo hapo, wanamtazama. Alitafuta neno la mtu mwingine la kubeba, hakupata. "Mimi," alisema, "nilipenda kutumwa." Ikaishia hapo, na haikuvuka mstari wa kwanza wa mikeka.

"Imesikika," alisema Bi Tahseen, kwa upole. "Iandike, binti."

Purity akaiandika, na kesho yake ikawa mlangoni pamoja na mengine.

Hadithi za watu wema huishia hapo, mtu amekunja mkia na kupata busara. Chirau hakupata busara. Hakuwa na mahali pa kuiweka. Wiki ya chanjo ya polio ilipofika, alizunguka na pembe kama kawaida, na watoto wakapelekwa, hilo halina mjadala. Lakini kila alipokuwa akimaliza, shingo ilirudi nyuma yenyewe, na madirisha yalikuwa yamenyamaza.

Kwenye nyumba ya kona alisimama zaidi. Kutoka juu, kupitia mbao za dirisha, alisikia gurudumu la simu likizungushwa, krrr, likarudi, krrr, likarudi. Kisha kicheko kile. "Assalamu alaykum, sanduku. Hujambo..."

Chirau alichomeka pembe kwapani. Alitazama huku na huku kichochoroni, akasogea mpaka chini ya dirisha hasa, akajaza mapafu mpaka vifungo vya shati vikalalamika.

Asubuhi yake, Chifu Kazungu alipoketi na kikombe chake, Purity alibonyeza kikanda. Bi Tahseen alikuwa na malalamiko juu ya bomba linalovuja, malalamiko ya maana, lakini hakuna aliyeyaelewa vizuri. Nyuma yake, toka salamu mpaka kwaheri, mtu mmoja alikuwa akiwatangazia watoto wote wa kisiwa matone mawili ya polio, kwa nguvu iliyofanya kisanduku kitetemeke juu ya meza.